Namba Moja kwa Wanawake Arobaini na Mmoja

Jumatano, 2 Aprili

Idd imepita juzi, na leo nimeanza kazi. Zahanati iko upande wa Ramisi, miwa kushoto, miwa kulia. Nimepewa meza ndani ya chumba cha kliniki ya wajawazito, kati ya mizani na jokofu la chanjo, na nimepewa miezi mitatu. Masika yakiisha niwe nimewaandikia programu ya kuwasajili kina mama, waachane na lile daftari kubwa lililovimba kwa unyevu.

Daktari Jaafar, msimamizi wetu, ni mtu wa sauti ndogo na maneno machache. "Mwanapili," aliniambia, "utafanya kazi na Sista Rispah. Ukimridhisha yeye, umeturidhisha sote."

Sista Rispah ni Mduruma wa Kinango, miaka ishirini na miwili katika uuguzi. Nilimpa shikamoo. Aliitikia marahaba bila kuinua kichwa, maana sikio lake lilikuwa juu ya tumbo la mtu.

Nimejiwekea sharti moja: kila nitakapoona jambo nisilolielewa, niliandike humu.

Ijumaa, 4 Aprili

Fomu ya kwanza iko tayari. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, simu, uzito, presha, umri wa mimba, maelezo. Chini yake vitufe viwili, Hifadhi na Ghairi. Mvua bado haijanyesha, lakini mchwa wameanza kuruka.

Jumatatu, 7 Aprili

Aibu niliyoipata leo sitaisahau upesi.

Sista alimsajili mama wa kwanza kwa kidole kimoja, dakika saba nzima, miwani ikimteleza puani. Akabonyeza Hifadhi. Fomu ikafungwa, ikatoweka, kisha ukatokea ujumbe: "Uzito si sahihi." Kumbe mahali pa sifuri alikuwa amepiga herufi O. Na yote aliyoyaandika yalikuwa yamekwenda na fomu.

Akavua miwani. "Hebu nifahamishe, mwanangu. Huyu anafunga mlango kwanza, ndipo ananiambia kuna kitu nimesahau ndani?"

Ndivyo hasa nilivyoiandika: funga, halafu kagua. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimegeuza mpango. Sasa ukibonyeza Hifadhi, programu inakagua kwanza. Ikiona kosa, fomu haiendi popote. Kisanduku chenye kosa kinageuka chekundu, na ukianza kuandika unajikuta mle mle ndani yake.

Sista akajaribu kwa makusudi, akaandika uzito kilo 600. Fomu ikagoma kufungwa.

"Haa! Imemjua huyo ni kiboko," akasema, akacheka mpaka mama aliyekuwa mizanini akacheka naye.

Jumatano, 9 Aprili

"Mwanapili! Njoo unitoe humu!"

Nilidhani amefungiwa chooni. Kumbe yu kitini pake, amenaswa na fomu. Mama mmoja alikuwa amebadili nia na kwenda zake kabla hajasajiliwa, na Sista akabonyeza Ghairi. Fomu ikamwambia, "Jina halijajazwa." Akabonyeza alama ya kufungia iliyo juu pembeni. "Jina halijajazwa." Nilipofika alikuwa ameinama anachomoa waya ukutani.

Nikaliona kosa langu. Kwa ile hamu ya kukagua, ukaguzi nilikuwa nimeuweka kwenye kufungwa kwenyewe, basi kila anayetoka anapekuliwa, hata asiyechukua kitu. Nimerekebisha. Anayeghairi haulizwi neno.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Panya ametafuna waya wa kipanya. Sikutunga.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo nimelifungua lile daftari la zamani kwa udadisi. Katika wanawake mia moja wa mwisho, thelathini na wanane hawana namba ya simu. Zaidi ya nusu hawana tarehe ya kuzaliwa. Vijiji vingine vimeandikwa kwa namna tatu.

Nikaamua kukaza. Tangu leo kila kisanduku ni lazima kijazwe. Simu iwe na tarakimu kumi, ianze na 07 au 01. Kijiji hakiandikwi tena, kinachaguliwa kwenye orodha. Maelezo yasizidi herufi ishirini, watu wasije wakaandika hadithi. Kimoja kikikosekana, fomu haihifadhi.

Daktari Jaafar alitazama, akasema, "Mashallah, safi." Daftari nimelipandisha juu ya kabati kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumanne, 22 Aprili

Wiki nzima na hakuna pengo hata moja. Sista siku hizi anajaza haraka ajabu. Dakika saba zimekuwa mbili.

Jambo nisilolielewa: wanawake ishirini na sita wamezaliwa tarehe mosi Januari. Nilimwuliza Daktari kama pana sababu ya kitabibu. Alinitazama kwa muda, akarudi kwenye chai yake.

Jumatatu, 28 Aprili

Imenyesha tangu alfajiri. Barabara ya kuingilia imekuwa uji. Na bado walikuja kina mama thelathini na mmoja, wameshika kandambili mkononi.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimelala.

Jumanne, 6 Mei

Leo tulikuwa tuanze kuwatumia kina mama ujumbe wa kuwakumbusha siku ya kliniki. Nilimwomba Sista asimame karibu aone. Nikabonyeza Tuma.

Simu ya Sista ikalia mfukoni mwa sare yake. Ikalia tena. Ikaendelea kulia, ujumbe juu ya ujumbe, na Sista amesimama mikono imening'inia, hata asiitoe. Nikaijua maana kabla hajasema. Nikapanga orodha kwa namba za simu, nikahesabu. Wanawake arobaini na mmoja wana namba moja, na namba ni yake.

"Sista, umenidanganya," nikasema. Nasikitika kwamba niliyasema hayo mbele ya wagonjwa.

"Sikukudanganya wewe," akajibu, taratibu. "Fomu ilitaka tarakimu kumi, nikaipa tarakimu kumi. Mtu hana simu, nifanyeje? Nimrudishe kwao?"

"Na hizo Januari mosi?"

"Mtu hajui siku aliyozaliwa. Fomu haikubali hajui."

"Ungeniambia!"

"Wewe hukuniuliza."

Nimeondoka mapema. Nimekasirika, na nadhani nina haki. Muuguzi wa miaka yote hiyo anaandika uongo kwenye kumbukumbu za wagonjwa, kisha ananitazama usoni.

Jumatano, 7 Mei

Hatujasemezana. Mvua.

Alhamisi, 8 Mei

Leo sikugusa kompyuta. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa tangu saa mbili asubuhi, nitazame tu.

Aliingia mama mmoja, bi mzima wa miaka kama arobaini, mimba ya saba. Sista akamwuliza simu. "Ya mume wangu, lakini amekwenda nayo baharini." Je, namba aijua? Haijui. Kijiji? Akataja kitongoji nisichopata kukisikia, na mimi ni mtu wa Kwale. Sista akateremsha orodha yangu mpaka chini, akapanda, akashuka tena. Hakipo. Mlangoni wamesimama wengine kumi, mvua inawapiga mgongoni, na mmoja ana presha ya kutisha. Sista akachagua kijiji cha kwanza kwenye orodha, Bodo. Akaweka namba yake. Akahifadhi. Kisha akamshika yule mama mkono, akamwuliza taratibu juu ya miguu iliyovimba, na hapo hakuwa na haraka hata kidogo.

Mama alipotoka nilimwuliza, "Sista, wangapi wako Bodo?"

"Wengi," akasema. "Bodo imejaa."

Tulicheka kidogo. Kucheka kulinichoma. Nimepanga wiki ijayo niifumue fomu yote.

Jumanne, 13 Mei

Haya ni ya jana. Jana sikuwa na mikono ya kuandika.

Mashine yetu ya kupimia damu iliharibika tangu mwezi uliopita, kwa hiyo sampuli zinapelekwa hospitali kubwa na majibu yanarudi baada ya siku kadhaa. Jana saa tatu asubuhi yalirudi. Daktari Jaafar alikuwa akiyasoma amesimama, ghafla akakaa.

"Subira Mbwana. Damu tano nukta nane, nusu ya inayotakiwa. Mimba ya wiki thelathini na nne. Huyu akianza uchungu na damu hii, akatokwa kidogo tu, hatumpati. Aende hospitali leo. Apigiwe simu."

Nikafungua fomu yake. Nilijua nitakachokiona kabla hakijatokea. Namba ni ya Sista. Kijiji, Bodo. Amezaliwa mosi Januari. Kila kisanduku kimejaa, hakuna wekundu popote. Na chini kabisa, kwenye maelezo: "Anahamia kwa mamake".

"Kwa mamake wapi?" Daktari akauliza.

Sista alikuwa ameshika kingo za meza. "Niliandika. Wallahi niliandika mahali, mimi huandika nikitazama vidole, sitazami kioo." Hata yeye Mkristo ulimtoka huo wallahi. Nikahesabu herufi. Kumi na tisa, na nafasi ya ishirini. Fomu yangu ilikuwa imeacha kupokea hapo hapo, kimya, bila kumwambia. Jina la mahali lilikuwa ndilo lililofuata.

Sista akafumba macho. "Ni mwembamba. Anacheka akifunika mdomo. Nilimwona ukope mweupe kwa ndani, ndipo nikamtoa damu. Mumewe, huyo Mbwana, anakata miwa. Nilimwambia arudi Jumatatu iliyopita, hakurudi. Kwa mamake... kwa mamake..." Halikuja. Anaona wanawake thelathini kwa siku.

"Wakata miwa nawajua," alisema Tsuma. Tsuma ni mhamasishaji wa afya wa jamii, mtu wa makamo, anazunguka vijijini kwa pikipiki yake. Alikuwa amekuja kuchukua dawa. "Ila si wote."

"Nakwenda nawe," nikasema. Hakuna aliyenikataza.

Kambi ya kwanza hawamjui. Ya pili wana Mbwana wawili, mmoja ni mzee na mwingine hajaoa. Katika shamba la tatu msimamizi alituonyesha kwa kidole, tukaingia katikati ya miwa, maji yametufika vifundoni, Tsuma anaita jina. Akatokea kijana aliyejifunga gunia kiunoni, panga mkononi.

"Asalaam aleikum. Wewe ndiwe Mbwana wa Subira?"

"Waaleikum salaam. Ndimi. Kuna nini?"

Tsuma akamweleza. Kijana akalitupa panga. "Yuko Majoreni, kwa mamake. Nilimsikia akimwambia Sista, mimi nilikuwapo! Tulimwambia hatuna simu, na tukamwambia Majoreni!"

"Mlisema," nikajibu. "Twende."

Tukapanda mishikaki, watu watatu pikipiki moja, mvua usoni. Nyuma yangu Mbwana alikuwa akisoma dua moja tena na tena. Sista alikwisha kupata habari kwa simu ya Tsuma na alikuwa akiitafuta ambulensi. Kabla ya kufika Majoreni, bonde lilikuwa limejaa maji, barabara haionekani. Tsuma akaegesha pikipiki. Tukavuka kwa miguu tumeshikana mikono, maji yananifika kiunoni, na mimi, mtu niliyezaliwa hatua mia mbili kutoka ufukweni, niliogopa.

Subira tulimkuta barazani kwa mamake, ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Alikuwa akikuna mara tatu, anapumzika. Mara tatu, anapumzika. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Alipomwona mumewe aliyelowa chapachapa alifunika mdomo akacheka, kisha pumzi ikamwisha katikati ya kicheko.

Mamake hakutaka. "Mwanangu amechoka tu, mimba ndivyo zilivyo. Mumtoe katika mvua hii mumwue njiani? Ngojeni kesho."

"Mama," Tsuma akasema, amechutama ili asizungumze akiwa juu yake, "kesho hiyo uchungu ukimwanza hapa, na maji yako kule bondeni, utamfanyaje?"

Mama akatazama kule kwenye maji. Subira ndiye aliyejibu, neno moja moja. "Niende. Nasikia... moyo wanipiga... masikioni."

Majirani wanne wakatoa kitanda cha kamba, wakamlaza, wakamfunika turubai. Tukavuka naye bondeni, kitanda kimebebwa juu ya mabega, Mbwana amekishika upande wa kichwa anamwambia, "Usitazame chini, nitazame mimi." Ng'ambo ambulensi ilikuwa imefika, na mbele yake, ndani ya maji mpaka magotini, amesimama Sista Rispah na sare yake.

Alimshika Subira mkono kabla kitanda hakijatua. "Nisamehe, mwanangu. Mahali pa namba yako niliweka yangu."

"Mimi... nilikwambia... sina simu."

"Uliniambia. Ni fomu iliyokataa."

"Ni mimi niliyekataa," nikasema. Subira akanigeuzia macho. Hakunijua mimi ni nani, na hapakuwa na muda wa kumweleza. Mlango wa ambulensi ukafungwa.

Alhamisi, 15 Mei

Ameongezwa damu, painti mbili. Yu hai, na mtoto anapiga mateke. Daktari Jaafar alileta habari akaisema kwa sauti ile ile ndogo, kisha akatoka nje, akakaa huko kitambo.

Nimelishusha daftari kutoka juu ya kabati.

Jumatatu, 19 Mei

Tumekaa na Sista adhuhuri nzima, tukala mihogo yake, tukapitia fomu kisanduku kwa kisanduku. Nilitaka kujua kwake yeye, kila kimoja ni cha nini. Sikuwahi kumwuliza hivyo.

"Nikiweka kisanduku cha damu, ikaandikwa hamsini na nane badala ya tano nukta nane?"

"Hiyo izuie. Mtu wa hivyo hayupo. Isifungwe mpaka nirekebishe."

"Tarehe ya kuzaliwa?"

"Weka mahali pa kusema hajui. Niandike umri wa kukisia, na ijulikane ni wa kukisia."

"Simu?"

Alitafuna kwanza. "Kitu asichokuwa nacho mtu, ukimlazimisha akitoe, atakiazima kwa mwenzake. Usimlazimishe. Muulize tutampataje."

Basi ndivyo nilivyoandika. Kuna makosa yanayoizuia fomu, nayo ni machache: yale ambayo mwili wa binadamu hauwezi. Mengine fomu inauliza tu, mara moja, kwa adabu: hiki hakijajazwa, uhifadhi hivyo hivyo? Ukisema ndiyo, inakuamini. Kijiji kinaandikwa kama mwenyewe anavyokitaja. Na chini ya simu pana kisanduku kipana kisicho na mpaka wa herufi, juu yake neno moja: "Tutampataje?"

Wale arobaini na mmoja wa mwanzo, Tsuma anawatafuta mmoja mmoja. Amekwisha kuwapata kumi na wanne.

Jumatatu, 26 Mei

Sasa asubuhi zangu huanza kwa kusoma kisanduku kile. "Ukifika kwa fundi baiskeli uliza nyumba ya mkaanga viazi, mimi ni mke wa mdogo wake." "Simu ya jirani Husna, lakini msimwambie habari yenyewe, mwambieni tu niitwe." "Sipatikani siku za gulio. Siku nyingine niko shambani, piteni mkiita kwa nguvu, kuna mbwa." Miezi miwili nilikuwa nikiwaona wanawake hawa wakipita mbele ya meza yangu, na sikujua kwamba kila mmoja amekuja na ramani yake kichwani.

Jumatatu, 2 Juni

Sista alimwandikia mama mmoja mistari tisa. Foleni ikanung'unika. Hakujali.

Tsuma amefikia thelathini na saba. Wawili zaidi tumepata habari kwamba wamekwisha kujifungua salama. Wawili wa mwisho haijulikani wako wapi. Sijui niandike nini juu ya hao wawili, ila kwamba majina yao ni Eunice na Fauzia, na kwamba bado tunauliza.

Alhamisi, 12 Juni

Fauzia amepatikana, Vanga kwa shangazi yake. Mvua inapungua.

Jumatatu, 23 Juni

Wiki yangu ya mwisho. Eunice bado. Tsuma amesema atakwenda Kinango Jumamosi, kuna mtu aliyesikia kwamba alirudi kwao.

Saa nne asubuhi walikuja Subira na Mbwana. Subira amenenepa usoni, midomo ina rangi. Kifuani amefunga kanga, na ndani ya kanga mtoto wa kike wa siku tano, aliyezaliwa hospitalini bila matata. Sista Rispah alimchukua kabla hata hajaitikia salamu, akamweka mizanini. Kilo mbili nukta saba. Kisha akaketi, akavaa miwani, akafungua fomu ya mtoto.

"Jina la mtoto?"

Wakatazamana. "Bado, Sista," Mbwana akasema. "Twangoja siku ya saba. Babu yake anakuja, ndiye atakayemwadhinia na kumpa jina. Ni lazima sasa hivi?"

Sista alikipita kisanduku, akabonyeza Hifadhi. Fomu ikauliza: Jina la mtoto halijajazwa. Uhifadhi hivyo hivyo?

Mbwana aliinama akasoma kwa sauti, polepole. "Kumbe na kompyuta yaweza kungoja?"

"Yaweza," Sista akamwambia, na akabonyeza Ndiyo.